Dhamana ya Maji Yasiyoonekana

Madhara ya dunia ni ya namna mbili. Yako madhara yenye sauti, kama moto, mafuriko na vita. Haya hujitangaza yenyewe, na hata mtu mvivu huamka kitandani yakifika mlangoni pake. Yako pia madhara yasiyo na sauti. Haya hutembea polepole, hayana harufu, rangi wala ladha, na aghalabu humfikia mtu asiyekuwa na habari ya kazi iliyoyazaa. Desturi na sheria za wanadamu zimezoea kuyahukumu ya kwanza. Ya pili huachiwa dhamiri. Na dhamiri, kama mlinzi wa usiku, husinzia mahali pasipo kelele. Basi swali ni hili: mtu ana wajibu gani juu ya dhara ambalo hawezi kuliona kwa macho yake, na ambalo, kama lipo, litampata mtu asiyemjua? Swali hilo laweza kuulizwa katika mambo mengi ya maisha, lakini ni machache yaliulizayo kwa uwazi kama kazi ya kunywesha mashamba kwa maji taka yaliyosafishwa.

Haifai kuanza kwa kuilaumu kazi hiyo, maana ina heri nyingi. Mji wenye watu wengi hutoa maji taka kila siku, masika na kiangazi, bila kukoma. Mito hukauka na mvua huchelewa, lakini mji haupumziki kuoga, kufua na kupika. Mkulima ayapatae maji hayo hupata kitu ambacho mbingu haikumwahidi, yaani maji yenye miadi. Tena maji hayo huja na naitrojeni na fosforasi, vyakula viwili vya mimea ambavyo mkulima mwingine huvinunua dukani kwa magunia. Katika Jordan, nchi yenye kiu kuliko nyingi, maji taka ya mji wa Amman husafishwa As-Samra, hushuka hata bwawa la King Talal, kisha huenda kunywesha mashamba ya bonde la mto Jordan. Katika Tunisia, mashamba ya La Soukra yalianza kunyweshwa maji ya namna hii mwaka 1965. Katika Tanzania, maji yatokayo katika mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji wa Moshi, huko Mabogini, hutumiwa na wakulima wa mpunga. Watu hawa hawastahili kunyoshewa kidole. Wameokota kilichotupwa wakakifanya chakula, na jambo hilo ni sifa kwao.

Lakini neno "yaliyosafishwa" ni neno la kweli lisilokuwa zima. Mtu hana budi kuuliza: yamesafishwa na nini, na kwa matumizi gani? Katika mabwawa ya kusafishia, taka nzito hutuama, mayai ya minyoo huzama, na jua pamoja na muda huua vijidudu vingi vya maradhi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba maji ya kunyweshea mimea iliwayo mbichi yasizidi, kwa wastani, yai 1 la minyoo katika lita 1, wala bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100. Na mwaka 2006 likatoa mwongozo mpya ulioitazama njia nzima ya maji na chakula, tangu mjini mpaka mezani. Mashauri hayo ni ngao ya mkulima na ya mlaji. Lakini chumvi haizami bwawani, wala jua haliiui. Boroni ya sabuni hupita. Sehemu ya naitrojeni hupita. Chembe za dawa walizomeza wagonjwa wa mjini hupita pia, kidogo kidogo. Maji ya mji hutoka yana chumvi nyingi kuliko yalivyoingia, hata yakisafishwa vizuri. Kwa hiyo yaweza kuwa salama kwa mguu wa mkulima, yakawa salama kwa shina la mpunga, na yasiwe salama kwa kisima kilicho chini ya shamba.

Hesabu ndogo yatosha kulionyesha jambo hili. Maji yenye nusu gramu ya chumvi katika lita 1 hayamkunji mtu uso akiyaonja. Lakini hekta 1 ikinyweshwa kwa mwaka maji ya kina cha mita 1, yaani lita milioni 10, itakuwa imepokea chumvi tani 5. Mmea huyanywa maji ukaiacha chumvi. Jua huyavuta maji likaiacha chumvi. Mwaka wa pili huongeza tani 5 nyingine juu ya zile za kwanza. Mkulima akitaka shamba lake lisife, hana budi kumwaga maji ya ziada ili chumvi ioshwe, ishuke chini ya mizizi. Naitrojeni nayo ina hesabu yake. Miligramu 30 katika lita 1 hufanya kilo 300 katika hekta ile kwa mwaka, nazo ni zaidi ya haja ya mazao mengi ya nafaka. Ile isiyotwaliwa na mizizi, sehemu yake hurudi hewani na sehemu yake hugeuka naitreti. Na naitreti hufuatana na maji popote yaendapo.

Maji hayo yana njia mbili. Ya kwanza ni kushuka katika udongo mpaka kuyafikia maji yaliyolala chini ya ardhi, ambayo ni akiba ya visima na chemichemi. Ya pili ni kutoka shambani kwa mitaro, au kwa mabomba yenye matundu yaliyozikwa chini ili maji yasipande yakaozesha mizizi. Maji hayo ya mitaro humwagwa mtoni, ziwani, au katika nchi ya mtu aliye bondeni. Njia zote mbili huishia kwa mtu mwingine. Mwenye shamba aweza kuwa na hati ya ardhi yake na mipaka iliyopandwa minyaa, lakini maji hayasomi hati wala hayasimami mbele ya minyaa. Kunywesha ni tendo la mtu katika mali yake. Kutiririka ni tendo lilelile likiwa limekwisha kuingia katika mali ya mwenzake.

Ni vigumu kupata mahali palifundishapo jambo hili kuliko bonde la Mezquital, katika jimbo la Hidalgo nchini Meksiko. Mji mkuu wa nchi hiyo umejengwa katika bonde lisilo na mlango wa asili wa kutokea maji, na tangu mafuriko ya mwaka 1607 watu wamehangaika kupasua milima ili wayatoe. Mwaka 1900 Rais Porfirio Díaz alifungua mfereji mkuu, na maji taka ya mji yakashuka kaskazini katika nchi kame ya Mezquital, kwao Waotomi. Mji ulidhani umeondoa uchafu. Wakulima waliona wamepata mto. Kwa zaidi ya miaka 100 maji hayo, mengi yake bila kusafishwa, yalinywesha mahindi na majani ya alfalfa ya kulishia mifugo, katika eneo lililofika karibu hekta 90,000. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Maji yaliyopenya mashambani na katika mifereji ya udongo yaliijaza miamba ya chini. Maji ya ardhini yalipanda, na chemichemi zikabubujika mahali zisipokuwako. Watu wakateka, na miji ikavuta mabomba ya maji ya kunywa kutoka huko.

Kwa hiyo mtoto wa Mezquital aweza kunywa maji yaliyokwisha kutumika mjini. Je, hiyo ni heri au shari? Wataalamu wa Meksiko na wa Uingereza waliokwenda kuyapima hawakurudi na jibu la neno moja. Udongo ulikuwa umefanya kazi kubwa: ulikuwa umezizuia metali nzito karibu na uso wa nchi, na kuchuja vijidudu vingi. Lakini naitreti na chumvi zilikuwa zimeshuka. Baadhi ya dawa nazo, kama karbamazepini wapewayo wagonjwa wa kifafa, huukaidi udongo zikaendelea na safari. Mwaka 2017 kiwanda cha Atotonilco, kilichojengwa kwa uwezo wa kusafisha mita za ujazo 35 kwa sekunde, kilianza kazi ya kuyasafisha maji hayo. Wapo wakulima ambao hawakukishangilia. Waliogopa kuwa maji yaliyo safi zaidi yatakuja bila ya rutuba iliyokuwa ikiwalisha. Mtu asiwacheke, maana hofu ya njaa si ujinga. Wataalamu wa udongo nao wakauliza swali jingine: udongo uliozoea maji mazito ukipewa maji mepesi, je, utaendelea kuvishikilia vitu ulivyovishika kwa miaka 100? Swali hilo halijibiwi kwa ufasaha wala kwa kiapo. Hujibiwa kwa kupima, mwaka baada ya mwaka.

Kupima kwenyewe ni kazi isiyo na fahari. Huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi: kimoja au zaidi upande yatokako maji ya ardhini, kabla hayajafika shambani, na vingine upande yaendako. Mpimaji hushusha kamba ya kipimo kujua kina cha maji. Huyatoa kwanza maji yaliyolala ndani ya bomba, kwa kuwa hayo hayasemi kweli ya mwamba, ndipo akachukua maji mapya katika chupa safi, akayapeleka maabara yangali baridi. Hutafutwa chumvi, ambayo hujulikana upesi kwa jinsi maji yapitishavyo umeme. Hutafutwa naitreti, sodiamu, boroni na bakteria wa kinyesi. Katika mitaro ya kutolea maji hupimwa pia wingi wa maji yapitayo, maana kujua ukali wa kitu bila kujua wingi wake ni kujua nusu ya habari. Kipimo kilicho bora kupita vyote ni kile kichukuliwacho kabla ya tone la kwanza la maji taka kuingia shambani. Kikikosekana hicho, kila lawama ya baadaye na kila utetezi ni maneno matupu. Mmoja atasema kisima kiliharibiwa na shamba, na mwingine atasema kilikuwa vile tangu zamani za mababu, na hapatakuwa na wa kuwaamua.

Jambo moja katika kazi hii humtatiza mwenye kufikiri. Maji hayashuki ardhini kwa mwendo wa mto. Mahali pengine huvuka mita chache kwa mwaka, mahali pengine hata mita moja hayatimizi. Kwa hiyo kisima husimulia matendo ya miaka iliyopita, na matendo ya leo yatasimuliwa wakati ambao mtendaji huenda amekwisha kustaafu, kuhama au kufariki. Mkosaji na mkosewa hawakutani sokoni wakatazamana. Katika makosa mengine aibu huwa mlinzi, kwa sababu mtu huogopa uso wa jirani yake. Hapa uso wenyewe haujazaliwa. Ndiyo maana wajibu huu ni mgumu, na ndiyo maana ni wajibu kweli kweli; kwani wema ufanywao mbele ya macho ya watu huchanganyika na tamaa ya kusifiwa, lakini mtu achungaye maji atakayoyanywa asiyezaliwa hana sifa ya kutumainia.

Pana watu wasemao: "Tumenywesha miaka 20, na hakuna aliyekufa." Hoja hiyo ina nguvu sokoni, lakini haina nguvu mbele ya akili. Kutoona si sawa na kutokuwapo. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, nchini Marekani, aliandika habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu kwa sababu maziwa yao yalikorogwa kwa maji ya visima yenye naitreti. Watu wazima waliyanywa maji kama hayo bila kuhisi neno. Dhara lilimwacha mwenye nguvu likamshika mnyonge wa wanyonge, ambaye hakuweza hata kusema alichokunywa. Kipimo cha miligramu 50 za naitreti katika lita 1 ya maji ya kunywa, kilichowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, kimewekwa kwa kumwangalia mtoto wa namna hiyo. Basi mtu asemaye kuwa hakuna aliyekufa na aulizwe kama amewatazama wale wasioweza kusema.

Mji wa Berlin una ushahidi wa aina nyingine. Katika miaka ya 1870, kwa mpango wa mhandisi James Hobrecht, mji huo ulianza kupeleka maji taka yake katika mashamba yaliyo nje. Kazi hiyo ilisifiwa, na sifa ilistahili, kwa kuwa iliutoa uvundo na maradhi katika mitaa ya watu. Mashamba yalizaa kwa karibu miaka 100. Lakini desturi hiyo ilipofikia ukomo wake katika miaka ya 1980, udongo wa sehemu nyingi ulikutwa umelimbikiza kadimi, risasi, shaba na zinki, na nchi iliyowalisha mababu haikuaminiwa tena kuwalisha wajukuu. Hapakuwa na siku moja ambayo mtu aliweza kusema, "Leo ndipo tulipoharibu." Kila siku iliongeza chembe yake, na kila siku ilikuwa na udhuru wake. Waswahili wamesema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ardhini hauonekani na mtu apitaye njiani, na lazima ateuliwe mtu wa kwenda kuutafuta.

Njia ya mitaro nayo ina funzo lake, lililoandikwa katika bonde la San Joaquin huko California. Mashamba ya huko hayakunyweshwa maji taka bali maji ya mito yaliyoletwa kwa mifereji mikubwa. Lakini kwa kuwa maji yalisimama chini ya mizizi, yalizikwa mabomba ya kuyatoa. Mfereji wa San Luis ukayapeleka maji hayo katika mabwawa ya Kesterson, mahali palipokuwa hifadhi ya ndege. Mfereji ulikusudiwa ufike mbali zaidi, lakini ulikomea hapo. Mwaka 1983 wataalamu walikuta katika viota vifaranga vilivyoumbika vibaya, vingine bila macho, vingine na midomo iliyopinda. Sababu ilikuwa seleni, kitu kilichokuwa kimelala katika udongo wenyewe, nayo maji ya kilimo yakakiosha na kukikusanya. Mwaka 1985 serikali iliamuru mabwawa yafungwe. Watu waliojenga mitaro ile hawakuwa waovu. Walikuwa wamehesabu maji waliyotaka kuyaondoa, wasihesabu kilichomo ndani yake wala mahali yatakapotua. Na ikiwa maji ya mto yaliweza kutoka shambani na dhara la namna hiyo, ni nani awezaye kusema kuwa maji yaliyopitia katika nyumba, hospitali na viwanda hayahitaji mlinzi?

Lakini kuna hoja moja nzito kuliko ile ya miaka 20, na si haki kuipita mbio. Mkulima maskini aweza kusema hivi: "Mnakuja na chupa zenu na kamba zenu. Mkikuta neno baya kisimani, nitakatazwa maji. Mpimaji atarudi mjini akale mshahara wake, nami nitarudi nyumbani kwa watoto wenye njaa. Uchafu ni wa mji, hukumu ni yangu. Afadhali nisijue." Neno hili si la mtu mpumbavu. Pana maarifa ambayo humtajirisha mwenye kuyapata na kumfukarisha mwenye kuhusika nayo. Mahali ambapo kupima ni mwanzo wa kunyang'anya, watu watakipiga vita kipimo, na hawatakuwa na lawama yote.

Hata hivyo hoja hiyo, ikifuatwa mpaka mwisho wake, haimwokoi mkulima. Mtu wa kwanza kunywa maji ya kisima kilicho chini ya shamba aghalabu ni mkulima mwenyewe, na mkewe, na mtoto wake. Kutojua kunamlinda mwenye mji kuliko kumlinda yeye. Mji unaotoa maji taka hufurahi pasipokuwa na hesabu, kwa maana pasipo hesabu hapana deni. Naitreti isiyopimwa haina mwenyewe; iliyopimwa yaweza kufuatwa nyuma mpaka kwenye mlango ilikotoka. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na katika jambo hili afichaye ni mmoja, naye aumbuliwaye ni mwingine. Basi hoja ya mkulima haibatilishi kupima. Inachobatilisha ni kule kumpima mnyonge peke yake na kumwacha mwenye nguvu. Haki yataka mambo mawili yaende pamoja: kipimo kisimani, na ahadi kwamba kipimo kikiwa kibaya, mzigo wa kwanza utabebwa na yule aliyetoa uchafu.

Ahadi hiyo si ndoto, maana dawa za kutumia zipo. Kama naitreti yapanda, mkulima aweza kuhesabiwa mbolea iliyo tayari ndani ya maji, asinunue nyingine juu yake. Aweza kupanda zao lenye mizizi mirefu na uchu mkubwa. Kama chumvi yapanda, maji yaweza kuchanganywa na maji matamu, mitaro ikaongezwa, na mji ukavizuia viwanda vinavyomwaga chumvi nyingi visiimwage katika maji ya watu wote. Kama metali yaonekana, mahali pa kuikamata ni kiwandani kabla haijatoka, kwa kuwa ikishaingia udongoni haitoki kwa maombi. Kama kisima kimoja kimeharibika, mji na uwavutie majirani maji ya bomba kabla ya kuwahutubia. Katika mambo hayo hakuna lililo nje ya uwezo wa wanadamu, lakini yote hayawezekani mpaka mtu aambiwe kwa wakati kwamba yahitajiwa.

Katika Monterey, California, pana mfano wa subira. Maji ya bahari yalikuwa yakiingia katika visima vya wakulima wa pwani hiyo, na ilifikiriwa kuwapa maji taka yaliyosafishwa ili wasiendelee kuvuta ya ardhini. Hawakuanza kwa kufungua mabomba. Uchunguzi ulianza mwaka 1976, na kwa miaka 5 mboga zilipandwa ubavu kwa ubavu huko Castroville, nyingine kwa maji ya kisima, nyingine kwa maji yaliyosafishwa. Maji, udongo na mazao vikapimwa. Taarifa ilitoka mwaka 1987, na maji yakawafikia wakulima mwaka 1998, katika eneo la karibu ekari 12,000. Tena hata baada ya hapo chumvi na sodiamu ya udongo iliendelea kupimwa. Mtu mwenye haraka ataona kuwa miaka hiyo ilipotea. Lakini imani ambayo mlaji anayo juu ya mboga, na mkulima juu ya udongo, haiuzwi dukani. Hulimwa kama zao, na zao hilo lina msimu mrefu kuliko yote.

Lililobaki ni kuuliza ni nani awe mtunza daftari. Kama mji ndio utoao maji, nao ndio upimao, nao ndio uwekao daftari kabatini, basi mshtakiwa amefanywa hakimu na karani pia. Haitoshi vipimo kuwa vya kweli. Lazima viweze kusomwa na yule ambaye maisha yake yamo ndani yake. Hesabu ya kisima cha kijiji ni mali ya kijiji. Na ibandikwe mahali watu wapitapo, kwa lugha wanayoisema, pamoja na maelezo ya maana yake, ili mama apate kujua kama maji haya yafaa kwa uji wa mtoto mchanga au yafaa kufulia tu. Afisa huweza kusema kuwa watu watashtuka. Ni kweli watashtuka. Lakini mshtuko wa mtu aliyeambiwa mapema hupoa, na hasira ya aliyefichwa hairudi tena katika ala. Wako pia watakaosema kuwa wanavijiji hawaelewi tarakimu. Watu wanaojua bei ya gunia katika masoko matatu, na siku za mvua za miaka kumi iliyopita, hawashindwi kuelewa kuwa 20 ni kidogo na 80 ni kingi.

Wala asidhani mtu kuwa kupima ni wokovu. Chupa haina huruma, na tarakimu haziponyi. Pana vitu ambavyo bado havipimwi kwa urahisi, na vingine vyapimika lakini kiasi cha dhara lake hakijawekewa mpaka. Mtu aweza kupima miaka yote, akajaza makabati, asifanye neno. Huyo amezidi kosa lake, maana alijua. Kuchunga si kutazama tu. Mchungaji amwonaye chui akamwandika katika daftari kisha akalala, hana tofauti na mchungaji asiye na macho, isipokuwa kwamba ushahidi wa kumhukumu ameuandika mwenyewe.

Kwa hiyo jibu la swali lile la kwanza laweza kusemwa sasa. Wajibu wa mtu haukomi mahali macho yake yanapokoma. Mwenye kufanya kazi ambayo matokeo yake hushuka gizani, amejitwisha pamoja na kazi hiyo dhamana ya kushusha taa. Mji ulioyapa mashamba maji yake umeingia mkataba na mkulima, hata kama hawakutia sahihi. Na mkulima aliyeyapokea ameingia mkataba na wote watekao chini ya shamba lake, walio hai na wasiozaliwa bado. Mkataba huo hauwakatazi kunywesha. Dunia yenye kiu haiwezi kumwaga maji yaliyotumika mara moja kana kwamba ni kitu cha bure, na atakayewazuia watu wa nchi kame kuyatumia atakuwa amewadhulumu. Mkataba wawataka jambo dogo kuliko hilo na gumu kuliko hilo: waende kisimani kila msimu, wavute maji, wayasome kwa ukweli, wawasomee wenzao, na watende kama walivyosoma. Jamii ifanyayo hivyo yaweza kukosea, lakini kosa lake litaonekana lingali dogo. Jamii isiyofanya hivyo huenda ikawa na bahati miaka mingi. Ila bahati si haki, na mtu atekaye maji kwa ajili ya mtoto wake amestahili kitu kilicho imara kuliko bahati ya watu wengine.